Maoni ya wasomaji na matangazo kwenye hadithi zangu, nifunge au niache?

BintiJadida (Wete)

Asalaam alaykum wote humu. Naomba ushauri na mnisamehe ntaandika kirefu mana jambo lenyewe lina mizizi.

Mie naandika hadithi, sehemu moja kila Alkhamis baada ya Isha, naieka kwenye jukwaa moja la bure ambalo sitalitaja. Nilianza baada ya kumaliza skuli, msimu wa karafuu umekwisha, nimekaa nyumbani sina kazi simu mkononi, nikasema badala ya kusoma ya watu kila siku nami ntie yangu. Alhamdulillahi sasa kila sehemu husomwa na watu kama mia nne, mia tano, wengine wapo Unguja, wengine Mombasa na Muscat. Mtaona kidogo lakini kwangu ni wengi, harusi ya dada'angu haikupata watu wale.

Sasa mashaka yangu ni mawili. La kwanza matangazo. Ramadhani iliopita nilitoa sehemu ya tisa, pale mama yake bi harusi anakata roho na mtoto kamshika mkono anamsomea Yasin. Niliiandika siku tatu nikilia mwenyewe. Ami yangu, ndie anaenitilia bando mara nyengine, akakaa barazani baada ya tarawehe akawaita wenziwe njooni muone anavoandika mtoto wetu, akaifungua. Kati ya Yasin na kukata roho pana tangazo la kubeti, mpira unazunguka na sarafu zinamwagika, akishuka kidogo pana mwanamke kaegemea mto eti "tafuta mwenza aliye karibu nawe". Wazee kimya. Ami akanipigia, hakufoka, aliniuliza tu, "Mwanangu, hii nayo ni katika hadithi?" Wallahi bora angefoka. Na mie matangazo yale sikuyaeka mie wala sijapata hata senti.

La pili maoni. Wapo wasomaji huniandikia maneno mpaka natamani niyatie fremu niyatundike. Lakini katikati yao kajaa mganga. "Mganga bingwa kutoka Pemba, anarudisha mume aliekimbia ndani ya saa 24." Mie niko Pemba! Nimezaliwa Pemba, huyo mtu simjui na namba yake ya simu ni ya nchi nyengine. Akitoka mganga anakuja wa kujiunga na chama cha matajiri, akitoka huyo anakuja wa mkopo bila dhamana. Halafu pana baba mmoja, kila sehemu anaandika kwamba mtoto wa kike aliekulia chuo cha Qur'ani haandiki mambo ya mapenzi, na kila sehemu yeye ndie wa mwanzo kuisoma.

Sasa nifunge maoni yote nipumue? Na kuna kijana hapa mtaani kaniambia nihame nitie matangazo yangu mwenyewe, ati kuna watu wanaingiza mamilioni. Kweli?

---

fundi_wa_Kwerekwe

Waalaykum salaam dada. Mwanzo tuliweke sawa hili. Ukiandika kwenye jukwaa la bure, wewe hulipi, anaelipa ni mwenye tangazo na pesa ile ni ya mwenye jukwaa. WordPress.com mpango wao wa bure uko hivo, blogi inatiwa matangazo na wewe huna chako. Wattpad msomaji wa bure hukutana na tangazo kati ya sura na sura. Blogger ya Google ni kinyume, hakuna tangazo mpaka wewe mwenyewe uunganishe AdSense, huduma yao ya kutia matangazo. Medium hawana matangazo kabisa, wao hula ada za wanachama. Kwahiyo suala la kubeti katikati ya Yasin linakwisha siku utakayohama, wala halihitaji pesa nyingi.

Na jengine, samahani sana, sitaki kumgusa ami yako. Matangazo hayachaguliwi kwa hadithi peke yake, huangaliwa pia simu inayofungua iko wapi na imekuwa ikitembelea nini. Simu kumi zikifungua sehemu ya tisa hiyohiyo zaweza kuona matangazo kumi mbalimbali. Mie yangu huniletea tairi za vespa mana ndizo nilizokuwa natafuta. Basi naishia hapo.

Haya mamilioni. AdSense ipo tangu 2003, kwa miaka mingi mgao wa mwenye blogi umekuwa asilimia 68 ya tangazo, si mbaya. Lakini hulipwi mpaka ufikishe dola 100. Na ukifika dola 10 wanakutumia barua, barua ya karatasi kabisa, ina tarakimu sita za kuthibitisha anuani yako. Mie nina blogi ya kufundisha kutengeneza simu na wasomaji wake wanazidi wako mara kadhaa, dola 10 nilizipata mwezi wa saba tangu nianze. Anuani zetu si unazijua, nikaandika S.L.P. ya skuli anayosomesha shemeji yangu. Barua ya mwanzo haikuonekana. Ya pili haikuonekana. Ya tatu ilikaa wiki mbili juu ya meza ya mwalimu mkuu chini ya mitihani ya darasa la saba. Kwa watu mia tano kwa wiki, dada, utaandika mpaka bi harusi wako apate wajukuu.

---

MtotoWaChake

Hapo kwenye dola nami nitoe ushuhuda ili mwengine asiingie shimo langu. Nilikuwa na blogi ya mipira, akaunti ya matangazo imefika dola 40 na inakwenda kama kobe, nikaona akili ni nywele, nikatuma ujumbe kwenye grupu la ukoo, watu zaidi ya themanini, "jamani ingieni mbofye matangazo mnisaidie". Wakabofya! Bibi yangu alikaa na simu ya mtoto wake alibofya mpaka akachoka alidhani kuna thawabu. Siku ya tatu akaunti imefungwa, ati mibofyo si halali, na kweli masharti yamesema hivo ila nani anasoma masharti. Zile 40 hazikuja kwangu. Bibi mpaka leo nikienda kumsalimia huniuliza zile pesa za mtandao zimefika wapi.

---

ShogaWaKikwajuni

Shoga'angu usifunge maoni. Usifunge kabisaaa.

Wewe umewahi kukaa kwenye taarab ukaona mtu anavonyanyuka kwenda kutunza? Hatunzi kila beti, anangoja lile linalomhusu, anainuka taratibu noti iko mkononi, kanga kaipanga vizuri maneno yaonekane, anazunguka mpaka mbele ya yule anaemkusudia halafu ndio anakwenda kwa muimbaji. Muimbaji pale pale anajua beti limefika na limemfika nani. Sasa maoni ndio kutunza kwako. Ukiyafunga utakuwa unaimba chumbani umefunga mlango. Mie nasoma hadithi zako (ndio, nakusoma, na yule mkwe nampania) na nakiri kuna sehemu nasoma hadithi dakika tano na maoni nusu saa. Sehemu ya sita mlipogombana kule chini kama mke arudi au asirudi ilikuwa raha kuliko sehemu yenyewe, usinichukie.

Unachotakiwa ni mlango uwe na bawabu. Majukwaa mengi ya blogi yana kile kipengele cha maoni kusubiri kwanza mpaka uyaruhusu wewe. Mie nina ukurasa wa mapishi, kila usiku baada ya kula naingia robo saa, huyu apite, huyu afutwe, huyu mjinga lakini apite anachekesha. Na unaweza kueka maneno ya kunasa, mtu akiyaandika tu maoni yake yanakwenda pembeni. Nilieka "mganga" na "mkopo". Ila angalia, nikaja kugundua limenasa maoni ya bi mmoja mtu mzima alieandika "mwanangu hiki kisamvu kimeniponya kushinda mganga". Masikini alikaa kifungoni mwezi mzima.

---

sitaki_makuu

Mie naenda kinyume na dada hapo juu. Funga.

Taarab ni nzuri lakini muimbaji hakamatwi kwa alichosema mtunzaji. Mtandaoni si hivo. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za Tanzania zilipotoka 2018 mwenye blogi alitakiwa alipie leseni shilingi milioni moja kwa mwaka, na akiambiwa kuna kitu kibaya ukurasani kwake alikuwa na saa 12 kukiondoa. Zikaandikwa upya 2020, saa 12 zikawa saa 2. Zikarekebishwa tena 2022. Usijipe uhakika kwamba mie niko Pemba hainihusu, na kama unataka kujua wewe na hadithi zako mnaangukia wapi leo ofisi ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ipo Zanzibar, kaulize, kuuliza si ujinga.

Sasa fikiria. Mtu kaja kamtukana mtu wa watu chini ya hadithi yako saa nne asubuhi. Wewe uko shamba juu ya mkarafuu, simu iko kwenye pakacha na mtandao hamna mpaka ushuke barabarani. Saa mbili zimepita nani atakuelewa?

Na si sisi wadogo tu tuliochoka. Jarida la Popular Science la Marekani, la tangu 1872, lilifunga maoni yake 2013. Reuters walifuata 2014 kwenye habari zao, redio ya NPR 2016. Wale wana watu wanalipwa mshahara kukaa kusoma maoni na bado walishindwa. Wewe una robo saa baada ya kula.

---

ShogaWaKikwajuni

@sitaki_makuu ndio maana nikasema yasubiri ruhusa! Maoni ambayo hayajapita hakuna aliyeyaona, mkarafuu upande mpaka kileleni. Na hao wakubwa wanaandika siasa na chanjo, huyu anaandika bi harusi na mkwe. Tofautisha.

---

sitaki_makuu

Haya kwenye kusubiri ruhusa nakubali. Bi harusi na mkwe sikubali, hapo ndipo watu wanapotukanana zaidi kuliko siasa.

---

Maalim_mstaafu

Wanangu, nimewasoma. Mie ni mtu mzima, nimesomesha Kiswahili miaka thelathini na kidogo, mambo ya dola na mibofyo siyawezi. Lakini hili la msomaji kumjibu mwandishi si jambo lililoletwa na simu. Gazeti la Mambo Leo lilipoanza 1923 lilikuwa na mashairi ya wasomaji, mtu anatoa shairi lake toleo hili, mwengine anamjibu toleo jengine kwa bahari (mtindo wa shairi) ileile na kina kilekile, na huyu nae anarudi. Baba yangu alikuwa akikata zile kurasa anazitunza kwenye kasha la biskuti. Tofauti ni kwamba ukitaka kumtukana mtu ilibidi matusi yako yatimize mizani, nane kwa nane. Wengi walikata tamaa njiani.

Na yule baba anaekwambia mtoto wa chuoni haandiki mapenzi, usimfute. Mjibu mara moja tu, kwa adabu, kisha muache. Mtu anaesoma sehemu zote wa mwanzo huyo si adui, huyo ni msomaji asiyetaka kujulikana.

---

mama_wa_Ruwi

Hamjambo. Binti, mie ndie yule wa Muscat anaekuandikia marefu. Asili yangu Micheweni, nimeondoka nina miaka kumi na tisa. Hadithi yako naisoma alfajiri kabla watoto hawajaamka na maoni naandika kwa kidole kimoja, kwahiyo ukifunga jua umenifungia mie.

Lakini nakuomba jambo kuhusu huyo mganga mnaemfanyia mzaha. Jirani yangu, mtu wa kwetu, mumewe aliondoka. Alikuwa akisoma hadithi kama zako, si zako, za mwengine, hadithi ya mke alieachwa, analia anasoma, akashuka chini akakuta namba. Akapiga. Mtu anaongea Kiswahili kizuri, sauti ya heshima, anaanza kwa kumuombea dua. Mara ya kwanza ametaka pesa ya ubani, kidogo tu. Mara ya pili pesa ya mbuzi mweusi. Mara ya tatu ati jini limekataa linataka dhahabu. Bangili mbili za mamake zimekwenda. Mume hajarudi, na aibu ya kusema ndio iliyomkalia mpaka leo, aliniambia mie usiku mmoja tu na hajarudia tena.

Basi mie sicheki nikiona namba zile chini ya hadithi.

---

fundi_wa_Kwerekwe

Pole kwa jirani yako mama. Na umesema jambo ambalo watu wa mitandao tunalijua ila hatulisemi hivo wazi.

Zamani maoni ya takataka yalikuwa yanaandikiwa Google, hayakuandikiwa mtu. Mtu anamwaga viungo vya tovuti yake kwenye blogi elfu ili tovuti ipande juu kwenye utafutaji. 2005 Google na wenziwe wakaleta alama ya nofollow, kiungo kilichotiwa alama ile wakati ule kikawa hakihesabiwi, na mwaka huohuo ikatoka Akismet ya kuchuja maoni kwenye WordPress. Wa viungo bado wapo lakini hao mashine inawajua. Huyu wetu hana kiungo. Ana namba ya simu na Kiswahili, na vichujio vingi vimefunzwa Kiingereza zaidi kwahiyo anapita kama mgeni mwenye barua. Na hakuja kwa bahati mbaya chini ya hadithi ya mke alieachwa, kaja kwa sababu anajua nani anaisoma. Ni sawasawa na tangazo la kubeti chini ya matokeo ya mpira, tofauti yake yeye hamlipi mtu.

Kwahiyo dada, maoni yasubiri ruhusa, na chochote chenye namba ya simu kisipite hata kikiwa cha mjomba wako. Na ukija siku moja kutia AdSense kumbuka wao huhesabu maoni kuwa ni sehemu ya ukurasa wako, ukiacha uchafu chini na matangazo yanaweza kuondoshwa. Kuna sehemu pia ya kuzuia aina za matangazo usizozitaka, ya kuchumbiana, ya utajiri wa haraka, ukazizima.

Pesa mie ningezitafuta karibu. Wapo wanaouza hadithi nzima kwa shilingi elfu moja kwenye grupu la WhatsApp, malipo kwa simu. Inalipa wiki ya mwanzo, halafu mmoja ananunua anawatumia mia. Au tafuta mfanyabiashara mmoja wa hapohapo Wete, si kuna watu wa halua hapo wamejaa, muombe alipe kwa mwezi, mstari mmoja mwisho wa kila sehemu, umeuandika wewe kwa maneno yako. Hakuna asilimia ya mtu wala barua ya posta. Na wa Muscat wanaulizia halua ya Wete kila siku, si ndio mama?

---

mama_wa_Ruwi

Hapa halua ipo tele, lakini ya Wete ni ya Wete. Nitanunua.

---

BintiJadida (Wete)

Nimerudi, samahani nilikuwa kimya wiki mbili, tulikuwa na msiba kisha umeme.

Nimehama. Nimefungua ya kwangu isiyo na tangazo lolote, nimehamisha sehemu zote moja moja kwa simu, kidole kimekufa ganzi. Maoni nimeacha wazi lakini yanasubiri. Kusema kweli nilikuwa nimeshaamua kufunga, nilikuwa naandika hapa nikingoja mtu aniambie funga, mpaka niliposoma bangili za mama yake yule jirani. Nikarudi nikafukua maoni yangu ya zamani yote, namba zilikuwa kumi na moja, nimefuta moja moja, na kwa kila moja nikawa najiuliza nani kashaipiga. Sijui na sitajua.

Halua: nimekwenda kwa mzee mmoja, kanisikiliza, kauliza "hadithi yenyewe inahusu nini?" Nikaingia baridi. Nikamwambia bi harusi na mkwe wake. Akasema basi ntalipa elfu ishirini kwa mwezi ila mkwe asije akatiwa sumu kwenye halua. Nimemuahidi. (Sehemu ya kumi na nne nilikuwa nimeshaiandika hivo hivo, nimebadilisha ikawa uji.)

Yule baba nimemjibu kama alivosema Maalim, mara moja kwa adabu. Kanijibu, "Sawa. Lakini huyo mume mbona mpole sana, mtie ukali kidogo."

Ami nimemfungulia ukurasa mpya mwenyewe kwa simu yangu, hakuna mpira hakuna sarafu, kafurahi. Lile la matangazo kufuata simu ya mtu sijamwambia na mtu wa Wete anaesoma hapa naomba asimwambie.

Mganga kaja tena juzi usiku, yupo kwenye foleni anasubiri ruhusa. Safari hii kaandika yuko Wete mjini, karibu na soko, nyumba ya bati jekundu. Nikamuonesha ami. Kaisoma mara mbili, kavaa kofia, kachukua bakora kaenda sokoni kumtafuta. Karudi Maghrib kasema bati jekundu ziko nne na moja ni ya shemeji yake.